Jiko la mkaa au tanuri la gesi, kipande cha reli au kichwa cha nyundo: ulinganisho kwa mhunzi wa nyumbani Mwanza

Anayetaka kuanza kufua chuma nyumbani kwa kupenda tu, bila kukusudia kuishi kwa kazi hiyo, hukutana na maamuzi mawili kabla hajainua nyundo: chuma atakipashia moto kwenye nini, na atakifulia juu ya nini. Fuawe ya kiwandani yenye pembe ni nadra katika maduka yetu ya vifaa, na ukiiagiza kutoka mbali unalipia usafiri wa mzigo mzito kama mfuko wa saruji au zaidi, jambo lisiloingia akilini kwa mtu ambaye bado hajui kama ataipenda kazi yenyewe. Kwa hiyo karibu kila mmoja wetu hujitengenezea. Mimi nimefua nyuma ya nyumba yangu Ilemela kwa miaka sita, nimejenga majiko matatu na kubadilisha fuawe mara nne, na ninaloliona kwa wanaonijia kuuliza ni kwamba hulinganisha mambo ambayo hayatofautiani sana na kuyaacha yale yanayotofautiana kweli. Huuliza ni moto upi ulio mkali zaidi, na ni fuawe ipi yenye uso mpana zaidi.

Chuma hufuliwa vizuri kikiwa na rangi ya machungwa hadi njano, yaani kati ya nyuzi 950 na 1,200 za Selsiasi, na kila jiko nitakalolitaja hapa linafika huko bila shida. Mkaa wa kawaida wa miti, ukipulizwa hewa nyingi, unaweza hata kukiunguza chuma hadi kikatoa cheche nyeupe na kuharibika kabisa. Majiko hutofautiana katika jinsi hewa inavyotii mkono wa mwenye kazi, katika urefu wa chuma unaopata moto kwa mara moja, katika gharama ya saa moja ya kazi, na katika jinsi majirani watakavyokuvumilia. Vivyo hivyo, uso mpana wa fuawe humsaidia mtu mara chache, kwa kuwa nyundo hugusa eneo dogo kuliko kiganja. Kinachosaidia kila pigo ni uzito wa chuma uliosimama moja kwa moja chini ya eneo hilo.

Fuawe kwanza

Ninaanza na fuawe kwa makusudi. Jiko baya unaweza kulibomoa Jumamosi ijayo na kulijenga upya kwa udongo uleule, ilhali fuawe mbaya huuzoesha mkono vibaya: unajifunza kupiga kwa nguvu mahali ulipopaswa kupiga kwa usahihi, na bega linaanza kuuma kabla chuma hakijarefuka.

Kwa mkazi wa Mwanza, kishawishi cha kwanza ni jiwe. Tumezungukwa na mawe ya graniti ambayo nyumba zetu zimejengwa juu yake na kati yake, na si kosa kudhani kwamba jiwe la tani kadhaa, lisilotikisika kwa lolote, ni fuawe iliyowekwa tayari. Wahunzi wa zamani katika sehemu nyingi za Afrika walifulia juu ya mawe, na katika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, kuna nyumba iliyotengwa kwa ajili ya kumbukumbu za wahunzi ambayo ningemsihi kila anayeanza aende kuitazama. Nami nilianzia kwenye jiwe. Kwa miezi mitatu nilifulia juu ya jiwe lililochomoza nyuma ya choo chetu, na kwa haki niseme kwamba uzito wake haulinganishwi na kitu chochote nilichokitumia baadaye.

Tatizo lake ni joto. Graniti ni mchanganyiko wa punje za madini tofauti, na mojawapo ya madini hayo, kwatzi, hubadilika ghafla katika mpangilio wake wa ndani na kutanuka inapofikia nyuzi 573. Chuma chenye rangi ya machungwa kina joto linalokaribia mara mbili ya hilo, hivyo ngozi ya juu ya jiwe hutanuka wakati sehemu iliyo chini yake ingali baridi, na nyundo inaposhuka, kigamba cha jiwe huchomoka na kuruka. Kigamba kimoja kilinikata juu ya nyusi siku ambayo sikuwa nimevaa miwani. Tangu siku hiyo miwani ya kinga haitoki usoni pangu, na jiwe nimelibakizia kazi ya kunyooshea nondo baridi. Isitoshe, jiwe likishapata vishimo, kila kishimo hujichapa kwenye chuma unachokifua, na hakuna tupa itakayokufutia alama hizo kwa siku moja. Wapo wanaoweka bamba nene la chuma juu ya jiwe, lakini bamba lisilokaa sawasawa juu ya uso wa jiwe huruka kila unapopiga, na uzito wote wa jiwe unakuwa hauna faida kwako.

Boriti ya chuma yenye umbo la herufi I, ambayo wengi huiokota kwenye maeneo ya ujenzi, sitaitumia maneno mengi. Uso wake umebebwa na ukuta mwembamba, nao hucheza kila unapopiga. Hulia kama kengele, na nguvu ya mkono wako huishia katika kutikisika huko.

Kichwa cha nyundo kubwa ni habari nyingine, na ninaona kinadharauliwa bila sababu. Hapa kwetu watu wengi hupasua mawe kwa ajili ya kokoto, kwa hiyo vichwa vya nyundo vilivyochakaa upande mmoja havikosekani. Kichwa cha ratili 14 kina karibu kilo 6.4, na uso wake umekwishaimarishwa kiwandani, hivyo haupati mbonyeo kwa urahisi. Unachimba shimo katika kichwa cha gogo, lenye kina cha nusu ya urefu wa nyundo, unakisimamisha kichwa humo wima uso mzima ukiwa juu, unakaza kwa vipande vya mbao, na kazi imekwisha. Gogo la mwembe linafaa kwa kuwa ni zito na si adimu, ila lisimamishwe kama mti ulivyokuwa umesimama, nyuzi za mti zikiwa wima. Fuawe ya namna hii inatosha kwa nyundo ya mkono ya gramu 800 na kwa chuma kisichozidi unene wa milimita 12. Ukizidisha hapo, gogo lote huanza kusogea, na chuma hupoa kabla hujafika ulikotaka. Faida yake kubwa ni kwamba aliyepanga chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wengi anaweza kuibeba na kuificha chini ya meza.

Sasa reli. Njia ya reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo vipande vyake vimekuwa vikizunguka katika karakana za mji huu kama virungu, kama vibao vya kunyooshea, na kama fuawe. Kabla ya mengine yote, hakikisha unajua kipande chako kilikotoka: reli ni mali ya umma, kuiba vifaa vyake kunahatarisha maisha ya abiria, na aliyeuziwa kipande kisicho na risiti hana la kujitetea. Ukikipata kwa njia halali, umepata chuma chenye kaboni ya takriban asilimia 0.6 hadi 0.8, kigumu vya kutosha kuvumilia nyundo kwa miaka mingi.

Karibu kila mtu huilaza reli kama ilivyokuwa imelala kwenye mataruma, kwa sababu hivyo inafanana na fuawe ya picha. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Reli iliyolala ina tatizo lilelile la boriti: kichwa chake kimekaa juu ya ukuta mwembamba, na sehemu ndogo tu ya uzito wake iko chini ya nyundo yako. Reli ya ratili 80 kwa yadi ina karibu kilo 40 kwa mita, hivyo kipande cha sentimita 60 kina kilo 24. Kikisimamishwa wima, kilo zote 24 ziko chini ya pigo. Uso unaobaki wa kufulia, yaani ncha ya kile kichwa cha reli, unazidi kidogo tu ukubwa wa kiberiti, na kwa hakika mtu akiuona mara ya kwanza huhuzunika. Lakini baada ya juma moja la kazi utagundua kwamba hukuwahi kuhitaji zaidi, na kwamba ile ncha ya ukuta mwembamba, ikichongwa kwa grainda iwe mviringo, inakuwa mahali pa kurefushia chuma haraka, na ncha ya kitako, ikichongwa kali, inakuwa tindo la kukatia. Mhunzi mmoja mzee niliyemtembelea upande wa Magu, ambaye nilimwita babu naye akaniita mjukuu wake, alikuwa na nguzo ya namna hiyo iliyozama katika gogo, na mapanga yaliyopita juu ya uso ule mdogo sikuweza kuyahesabu.

Kuna jambo lingine linalohusu majirani. Reli iliyolala hulia kwa sauti kali inayogonga kwenye mawe ya vilima vyetu na kurudi, na mtu wa Mabatini au Igogo anayefua saa mbili asubuhi ya Jumapili atasikika mbali. Reli iliyosimama, imefungwa kwa mbao pande nne na kuzungushiwa mnyororo, hulia kwa sauti fupi na nzito. Sumaku ya spika ya redio mbovu ikibandikwa ubavuni huipunguza sauti hiyo zaidi.

Mshindani wa kweli wa reli iliyosimama ni shafti ya ekseli ya lori. Chuma chake huwa na kaboni ya wastani na uso wake umekazwa kiwandani. Ni mviringo, mara nyingi wa kipenyo cha sentimita 4 hadi 5, na upande mmoja una sahani pana yenye matundu ya nati. Sahani hiyo ikikaa chini ndani ya ndoo iliyojaa mchanga ulioshindiliwa, shafti husimama yenyewe bila fundi wa kuchomelea, na hilo ni jambo kubwa kwa asiye na mashine. Udhaifu wake ni kwamba uso ni mdogo kuliko wa reli na hauna ukingo ulionyooka, kwa hiyo kukunja pembe kali ni kazi. Kwa anayetengeneza ndoano, kulabu, misumari na visu vidogo, shafti inatosha. Kwa anayetaka kufua panga, reli inashinda.

Ukiwa kwa muuza vyuma chakavu na huna hakika kati ya vipande viwili, chukua gololi ya beringi kubwa, idondoshe kutoka sentimita 30 juu ya kila kipande na utazame inarudi hadi wapi. Juu ya kichwa cha nyundo au ncha ya reli itaruka zaidi ya nusu ya kimo hicho. Juu ya chuma laini itarudi chini ya hapo na kuzima upesi. Fuawe yoyote utakayoichagua, uso wake uwe katika usawa wa ngumi yako unaposimama mkono umening'inia.

Mkaa kwenye shimo, mkaa kwenye rimu, au gesi

Jiko la zamani kabisa ni shimo. Ng'ambo ya ziwa, karibu na Bukoba, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri unaokadiriwa kuwa kati ya miaka 1,500 na 2,000, na watu wa eneo hilo walijua udongo wa kichuguu unafanya nini mbele ya moto. Sisi hatuyeyushi chuma kutoka kwenye mawe yake, tunakipasha moto tu, lakini udongo ule ungali ndio bora tunaoweza kuupata bure. Unachimba mfereji wenye upana wa kiganja na kina cha sentimita 15, unauzungushia udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu, unapitisha bomba la hewa ubavuni karibu na sakafu ya mfereji, unaacha ukauke kwa siku kadhaa kivulini, na una jiko.

Watu hulidharau jiko hili kwa sababu halina sura, nao wanakosea. Mkaa wa miti ni mwepesi; hautaki hewa ya nguvu kutoka chini, bali hewa ya upole kutoka pembeni na moto wenye kina. Katika shimo lenye hewa ya ubavuni, sehemu iliyo karibu na mdomo wa bomba ina hewa nyingi na hukila chuma, lakini sentimita kumi na kitu juu yake kuna sehemu ambayo hewa imekwisha kutumika, joto limebaki, na chuma hutoka humo kikiwa safi bila magamba mengi. Jiko zuri la mkaa ni lile linalokupa sehemu hiyo kwa ukubwa wa kutosha. Kasoro ya shimo ni kwamba unafanya kazi umechuchumaa, na msimu wa mvua maji hulijaza. Ukilipandisha juu ya meza ya matofali kasoro zote mbili huondoka, lakini hapo umekuwa na kitu kisichohamishika.

Rimu ya gari, pamoja na ndugu yake dramu ya breki, ndilo jiko ambalo wengi huliona kwanza kwenye video. Bomba huingia kutoka chini katikati, na majivu hudondokea kwenye tawi la bomba lenye kifuniko. Ni imara, linahamishika, na fundi wa kuchomelea yeyote wa Nyakato anaweza kukuundia kwa nusu siku. Lakini limebuniwa na watu wanaotumia makaa ya mawe, ambayo ni mazito na hukubali hewa ya chini. Ukitia mkaa wetu humo na kupuliza, cheche hupaa hadi kwenye kamba za kuanikia nguo, na rimu ya lori itakula debe la mkaa ili ipashe moto kisu kimoja. Dawa yake ni kuijaza rimu udongo uleule wa kichuguu, ukiacha mfereji mmoja tu katikati, na kuingiza hewa kwa ubavu. Rimu iliyofanyiwa hivyo inaungana na shimo katika ubora wa moto na inalishinda katika urahisi wa kusimama na kuhama, na ndilo jiko ninalolitumia hadi leo.

Makosa mawili ya ujenzi lazima niyataje, kwa sababu yanaumiza. Usijenge jiko kwa saruji: maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke na kuipasua kwa kishindo, vipande vikiruka vikiwa vya moto. Wala usitumie bomba la maji lenye zinki mahali panapopata moto, kwa kuwa zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana usiku wake.

Kuhusu mkaa wenyewe, chagua vipande vigumu, uvivunje viwe na ukubwa wa limao dogo, na uondoe vumbi kwa kuchekecha. Jiko dogo hutumia kilo mbili hadi tatu kwa saa, hivyo debe moja ni kazi ya takriban saa mbili. Mkaa mbadala unaotengenezwa kwa vumbi na udongo unapika maharage vizuri, lakini katika jiko la uhunzi udongo wake huyeyuka na kuganda kama kioo kwenye mdomo wa bomba, na joto hupungua. Makaa ya mawe huchimbwa nchini, Kiwira na Ngaka, lakini hayo ni maeneo ya kusini, mbali na ziwa, na moshi wake wa awali hautavumilika katika nyumba zilizosongamana. Mafuta machafu ya injini, ambayo gereji hukupa bure, yanatoa joto kali sana, ila moshi wake na hatari ya moto kumwagika vinanifanya nisimshauri mtu anayejifunza.

Naelewa vizuri kwamba mkaa una deni lake. Miti ya Usukuma ilikwisha kiasi kwamba mwaka 1986 mradi wa hifadhi ya ardhi ulianzishwa Shinyanga na watu wakarudia kutenga ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayohifadhiwa ili majani na miti viote tena, na mkaa unaouzwa Mwanza hutoka mbali mwaka hadi mwaka. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kumgeukia mshindani wa tatu.

Tanuri la gesi ni kopo au kipande cha bomba kubwa lililovishwa ndani blanketi la nyuzi za kauri, likiwa na kichomeo kimoja kinachoingia kwa juu au ubavuni. Lina usafi ambao mkaa hauna: hakuna majivu, hakuna cheche, linawaka kwa dakika chache, na unakiona chuma chako muda wote, hivyo ni vigumu kukiunguza kwa kusahau. Tanuri dogo hutumia nusu kilo hadi kilo moja ya gesi kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unakupa saa 15 au zaidi. Usitumie mtungi wa kilo 6: gesi inapotoka kwa kasi mtungi mdogo hupoa hadi ukapata umande mzito na hata barafu, shinikizo hushuka, na moto hulegea katikati ya kazi.

Lakini ugumu wake hauonekani dukani. Regulata ya jiko la kupikia hutoa shinikizo dogo mno. Kichomeo cha uhunzi kinahitaji regulata ya shinikizo kubwa inayoweza kurekebishwa, na mpira wa gesi unaostahimili shinikizo hilo. Blanketi la kauri lazima lipakwe udongo mwembamba wa kustahimili moto, kwa sababu nyuzi zake zikipeperuka zinadhuru mapafu. Kisha kuna kimo chetu: ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kichomeo kilichopimwa kwa watu wa pwani hukosa hewa kidogo hapa. Utakitambua kwa ulimi mrefu wa moto unaotoka mdomoni mwa tanuri. Panua mlango wa hewa au punguza tundu la gesi, na hali itanyooka. Tanuri hili, kama majiko mengine yote, lisiwashwe ndani ya chumba, maana hewa yenye sumu ya kaboni haina harufu. Na kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kujikusanya mabondeni na kwenye vyumba vya chini ya mteremko. Usikate mtungi wa zamani wa gesi kwa ajili ya kutengenezea tanuri, hata kama unaambiwa ni mtupu.

Jambo la mwisho kuhusu gesi ni umbo. Chuma kisichopita mdomoni hakiingii. Ukikunja nanga ya mtumbwi, matawi yake hayatarudi ndani ya tanuri, wakati kwenye jiko la mkaa lililo wazi unapasha sehemu uitakayo tu, kwa kipande chenye umbo lolote.

Hewa

Hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mashine ya kukaushia nywele inapuliza mno kwa mkaa. Ukiitumia, weka bomba lenye tundu la pembeni la kumwagia hewa ya ziada, usije ukala gunia kwa wiki moja. Umeme ukikatika chuma kikiwa motoni, umebaki na mkono mtupu. Mivukuto ya ngozi ni mizuri na ina pumzi ya taratibu ambayo mkaa huipenda, ila inamtaka msaidizi, na mhunzi wa nyumbani mara nyingi yuko peke yake. Feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli kupitia mkanda ndiyo inayoshinda zote: mzunguko mmoja wa mkono unatoa hewa kwa sekunde kadhaa, na ukiacha kuzungusha hewa inakoma, hivyo hakuna mkaa unaoungua bure wakati unapiga nyundo. Baada ya kuhama kutoka mashine ya nywele kwenda kwenye gurudumu, matumizi yangu ya mkaa yalishuka karibu kwa nusu, na hata mwanangu wa miaka kumi alijifunza kuusoma moto kwa kuzungusha.

Kuoanisha

Kwa mwenye kiwanja chake, hata kidogo, Buhongwa, Igoma au Igombe, ningechagua rimu iliyojazwa udongo, hewa ya ubavuni kwa gurudumu la baiskeli, na reli iliyosimama. Anaweza kufua chochote kuanzia msumari wa mtumbwi hadi panga, na kazi ya ukubwa wowote wa mikono miwili haitamshinda. Aanzie na nondo ya milimita 12 yenye urefu wa sentimita 60, ambayo haihitaji koleo, kisha koleo lake la kwanza alitengeneze kwa nondo hiyohiyo.

Kwa mpangaji mjini, kichwa cha nyundo katika gogo na tanuri dogo la gesi ndivyo vinavyomfaa, kwa sababu ya moshi na kwa sababu vyote vinabebeka. Atakosa kazi kubwa, lakini visu na ndoano havitamkosa.

Kwa anayelenga visu hasa, mathalani vya kupasulia sangara kwa jamaa zake wanaofanya kazi Mwaloni Kirumba, uamuzi unaegemea gesi zaidi kuliko nilivyokubali miaka ya mwanzo. Bamba la springi ya gari lina kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, linakuwa gumu likizamishwa katika mafuta, na hatua hiyo inataka joto moja kwa urefu wote wa makali. Tanuri la gesi hutoa joto hilo kwa urahisi. Kwenye mkaa lazima ukisogeze kisu mbele na nyuma bila kuchoka, ukikigusisha sumaku mara kwa mara, kwa kuwa chuma huacha kuvutwa na sumaku kinapokaribia nyuzi 770 na bado unatakiwa kupanda kidogo zaidi ya hapo. Mafuta ya pamba au ya alizeti yaliyopashwa hadi yakawa ya moto kiasi cha kuunguza kidole yanafaa kwa kuzamishia. Maji hupasua springi. Baada ya hapo kisu husuguliwa king'ae na kurudishwa kwenye joto dogo hadi rangi ya majani makavu, kwenye nyuzi 220 hadi 230, ianze kutokea ubavuni, na kwa kisu kitakachogonga mifupa ya samaki ningesubiri hadi hudhurungi, karibu na nyuzi 250.

Popote utakapoweka jiko, liweke kivulini. Jua letu la karibu na ikweta huificha rangi ya chuma, na chuma kinachoonekana chekundu mchana wa saa saba huwa tayari ni cha machungwa. Mimi hufua chini ya paa la bati lililo wazi pande tatu, na upepo wa mchana unaotoka ziwani nauacha uingie kwa mgongo wangu, ili moshi uende upande ambao hauna dirisha la mtu. Kazi ya kuzamisha visu katika mafuta naiahirisha hadi saa kumi na mbili jioni, wakati upepo umetulia na rangi zinaonekana zilivyo.